Mgeni wa Miezi Sita

28 Septemba

Nimefika London. Uwanja wa ndege mashine ilisoma pasipoti yangu ya Norwe, kilango kikafunguka, nikapita. Hakuna aliyeniuliza nimekuja kufanya nini. Na jibu nilikuwa nalo, nililifanyia mazoezi njia nzima: nimekuja kwa binti yangu.

Haika alinipokea stesheni ya Stratford akitokea kazini, bado amevaa viatu vyake vya uuguzi. Amekonda. Kanipa chumba kidogo, katandika shuka mpya, kaweka na taa ya kusomea maana anayajua macho yangu. Kwenye friji kabandika kalenda, na mwezi wa Machi kazungushia tarehe kwa wino mwekundu. Mwenye pasipoti kama yangu anakaa hapa miezi sita kama mgeni. Akitaka zaidi aombe kibali. "Baridi itakuwa imeisha, baba," alisema.

Yeye anadhani nimekimbia baridi ya Bergen. Mimi nimekuja kukaa. Tangu mama yake, Gaudensia, afariki mwaka juzi, mle ndani ya flati ya Bergen sina kazi zaidi ya kuwasha taa na kuzima taa. Lakini sijamwambia Haika. Nataka aone mwenyewe, anishike, aseme baba huendi popote. Mambo kama hayo mzazi haombi.

29 Septemba

Haika yuko shifti ya usiku, mchana analala. Nimeshinda natembea kwa ncha za vidole kama mwizi.

6 Oktoba

Leo nilikuwa na miadi. Aliiandika kwenye kalenda tangu Jumatano: Jumapili, saa kumi na mbili jioni, chakula na baba. Tunaishi nyumba moja, tunatumia choo kimoja, na kula na mwanangu napangiwa miadi. Nikavaa koti. Haika akauliza, "Baba, unakwenda wapi?" Nikamwambia nina kikao na mkubwa mmoja. Alicheka mpaka akakohoa. Nimemwona mama yake pale.

Tulikula vizuri, tukaongea vizuri, na saa mbili kasorobo akatazama saa. Akanishukuru kwa jioni nzuri. Weee. Nilibaki na uma mkononi.

Lakini nimlaumu nani? Tulifika Norwe ana miaka minne. Kule jirani humgongei mlango hivi hivi. Mtoto akimaliza shule anahama, na mzazi akitaka kwenda kumwona anapiga simu kwanza, asipopokelewa anabaki kwake. Mtu akilia kwenye basi unageukia dirisha, ndiyo kumheshimu. Yote hayo tulimfundisha sisi, tena kwa ukali, asionekane mshamba. Gaudensia, Mchaga wa Kibosho yule, aliwahi kuniambia, "Method, huyu tunayemlea hivi atakuja kutuamkia kwa miadi." Tulicheka sana siku ile.

11 Oktoba

Mvua. Haika kazini.

15 Oktoba

Nimepata mtu wa kuongea naye. Nilikuwa kwenye benchi ndani ya ule ukumbi mkubwa wa maduka hapa Stratford, napiga simu Muleba kwa mdogo wangu, na mfagiaji mmoja akasimama na ufagio wake kunisikiliza bila aibu yoyote. Anaitwa Zéphyrin, Mkongomani wa Bukavu, mtu wa makamo.

"Papa, uko unatoka wapi?"

Nikamwambia kwetu Bukoba, lakini nimetokea Norwe. Akashika kiuno. "Norwe! Kule banasemaka ni kuzuri kupita fasi yote. Kaka yangu iko kule, balimutosha mu kambi ya bakimbizi bakamupatia nyumba, masomo, kila kitu. Sasa wewe unakimbia nini?"

Sikutaka kuisema vibaya Norwe, kwa sababu si kweli kwamba ni pabaya. Nikamwambia daktari unamwona, pensheni inaingia, maji ya bomba ni matamu. Mama anaacha kichanga nje kwenye kigari, kinalala kwenye hewa baridi, na hakuna wa kukigusa. Nimeendesha basi Bergen miaka ishirini na mitatu na hakuna abiria aliyewahi kunitukana. Wengi walinishukuru wakishuka. Ila kwenye basi lenye viti vya wawili wawili, kila kiti utamkuta mmoja, dirishani, begi lake pembeni. Viti vikijaa namna hiyo, anayepanda anasimama. Yaani ataning'inia njia nzima, kuliko kumwambia mtu sogea nikae. Mimi niliwatazama kwenye kioo, nikawa nawacheka. Kisha mke wangu akafariki, na siku moja nikajikuta namjibu msomaji wa taarifa ya habari kwenye televisheni. Aliaga, nikamwambia asante, na wewe.

Zéphyrin hakucheka. "Kaka yangu ananipigiaka simu kila siku," alisema, kisha msimamizi wake akatokea, Zéphyrin akaanza kufagia mahali palipokuwa safi.

27 Oktoba

Wamerudisha saa nyuma. Saa kumi na moja jioni ni giza tupu.

5 Novemba

Fataki mtaani, ni sikukuu ya Waingereza, watoto wanapiga kelele za furaha. Nilitazama dirishani. Haika kazini.

12 Novemba

Kwetu ni msimu wa senene. Nilimweleza Haika jinsi tulivyokuwa tukiwakamata, tukiwanyonyoa mabawa, wakikaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Akakunja pua. Nikamwambia huyo aliyekunja pua aliwala akiwa na miaka mitatu, akalia alipoambiwa wamekwisha. "Siwezi kukumbuka, baba," alisema. Halafu akauliza ladha yake ikoje. Nikamwelezea mpaka muda wake wa kwenda kazini ukapita, akaondoka mbio. Nimekuwa na siku nzuri.

16 Novemba

Nimeharibu.

Wiki iliyopita Haika aliniuliza mwenyewe, bila kudokezwa, akiwa anafunga kamba za viatu: "Baba, ungependa kukaa zaidi ya Machi?" Nikasema, "Wewe unaonaje?" Akasema, "Nakuuliza wewe." Nikasema basi tuulize kwanza kama inawezekana. Akampata mwanasheria, Alkesh, ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa Kingsbury. Leo tukapanda treni, tukakaa mpaka karibu na mwisho wa reli.

Alkesh ni Mgujarati mzaliwa wa Mwanza, baba yake alikuwa na duka kule, kwa hiyo mambo yalianza kwa raha. Anaongea Kiswahili cha kule kwetu ziwani, kakitunza miaka yote hiyo hakijachuja. Tukataja samaki, tukataja meli, tukamletea Haika hadithi za watu asiowajua. Alkesh akatuletea chai ya maziwa yenye tangawizi. Kisha akavaa miwani.

"Mzee, kuna njia ya mzazi kukaa na mtoto aliyekwisha kupata ukaazi hapa. Lakini lazima mzazi awe anamtegemea huyo mtoto. Kwa hiyo nakuuliza, bila Haika maisha yako yatakwendaje?"

Haika alikuwa kakaa pembeni yangu, mikono katikati ya magoti. Alikuwa ananitazama.

Na mimi, mwanaume mzima, Mhaya niliyesomesha wadogo zangu wanne, niseme mbele ya mwanangu, na mbele ya mtoto wa mwenye duka wa Mwanza, kwamba sijiwezi? Nikasema, "Mimi sijawahi kumtegemea mtu. Norwe wananipa kila kitu. Nyumba ninayo, pensheni ninayo, nikiugua muuguzi anakuja mpaka mlangoni." Niliyasema kwa sauti ya kikao. Nadhani hata kidole nilinyoosha.

Alkesh akaweka kalamu chini. "Basi mzee, hapo sina pa kuanzia."

Kwenye treni zilipita stesheni kadhaa. Nikaona nimtoe mtoto kwenye aibu. Nikamwambia, "Nitarudi tu baridi ikiisha, mwanangu. Usijisumbue."

Sasa kwetu mzee akisema hivyo, mtoto anajua la kufanya. Anaficha fimbo. Anaficha kiatu kimoja. Anasema baba, mchele huu tumenunua aule nani? Mzee anabembelezwa mara mbili, mara tatu, na mwisho anakaa huku ananung'unika kwamba amelazimishwa. Kila mtu anajua, na hakuna anayeona haya. Nilitulia nikisubiri kubembelezwa.

"Una uhakika, baba?"

"Nina uhakika."

"Sawa," alisema Haika. Akageukia dirisha.

17 Novemba

Labda leo atalisema.

18 Novemba

Hakulisema.

3 Desemba

Amenunua tiketi. Jumamosi tarehe 22 Machi, Gatwick hadi Bergen, kiti cha dirishani kwa sababu anajua napenda dirisha. Nikamshukuru. Nilimshukuru vizuri kabisa, mpaka nikajichukia.

24 Desemba

Kwa Wanorwe Krismasi ni leo jioni, na Haika ndivyo alivyokua. Lakini yuko kazini. Siku hizi anachukua hata shifti za wenzake, simwelewi. Ameniachia sahani imefunikwa na kikaratasi: dakika tatu, halafu koroga, halafu dakika moja. Soksi za sufu kaniwekea juu ya kipasha joto ili nizikute zina moto. Nimekula mwenyewe, nimevaa soksi. Zilikuwa na moto kweli.

Oddvar alipiga simu. Huyu ni jirani yangu wa Bergen, anakaa ghorofa ya juu yangu, na sidhani kama katika maisha yake amewahi kumpigia mtu simu bila shida maalumu. Alinitakia Krismasi njema. Kisha akasema theluji imeanguka na amesafisha mbele ya mlango wangu.

"Lakini Oddvar, mimi sipo."

"Najua," alisema.

Gaudensia alipokuwa mgonjwa, huyu mtu alikuwa akiamka kabla ya watu wote kuzoa theluji kwa koleo kwenye njia yetu ili muuguzi wa manispaa asiteleze. Baridi mbili nzima. Na hata siku moja hakuingia ndani kumpa mgonjwa pole. Nilimsema sana. Nilimwambia Gaudensia yule ana koleo mahali pa moyo. Hata msibani alikaa kiti cha nyuma, akatoka kabla ya kahawa.

Leo baada ya simu nimekaa namfikiria. Mtu asafishe mlango wa mtu ambaye hayupo. Nimegundua nimemkosea, na sijui nitamwambiaje, maana nikimwambia atatamani ardhi immeze.

8 Januari

Kuna mambo ya kuchekesha katika msiba huu wangu. Nimeanza kutupa vidokezo. Juzi nilisema, "Goti hili na baridi ya Bergen, sijui." Haika akanisikiliza kwa makini sana. Leo ameniambia amepiga simu kituo cha afya Bergen na nimepangiwa mtaalamu wa magoti, wiki ileile nitakayorudi.

19 Januari

Nilisema, "Ila London pana uchangamfu, bwana." Akasema anafurahi kwamba nimefaidi likizo.

2 Februari

Nilisema flati ya Bergen itakuwa na vumbi la kuua mtu. Ameongea na Oddvar. Oddvar atafungua madirisha.

3 Februari

Sitoi tena vidokezo. Kila nikitoa kimoja najikuta nimesukumwa hatua moja kuelekea Gatwick.

16 Februari

Miadi ya Jumapili imefutwa, Haika kachukua shifti. Nilikuwa nimeshamenya ndizi. Nilizipika zote, nikala kidogo. Hapa ndani nimeanza kusikia ile sauti ya Bergen, friji ikinguruma halafu ikanyamaza. Nilidhani niliiacha kule. Nimekuja mji wa mamilioni ya watu, naishi na damu yangu mwenyewe, na nina upweke uleule, tena huu unauma zaidi kwa sababu mlango wa chumba chake nauona.

5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nilitoka kanisani na alama kwenye paji la uso, nikapita kwa Zéphyrin. Naye alikuwa na yake, na kofia ya kazi ameisogeza nyuma isiifute. Alikuwa mapumzikoni, tukakaa benchi.

"Papa, safari iko lini?"

"Tarehe ishirini na mbili."

"Na mutoto, ulimuambia hautaki kwenda?"

"Anajua."

"Nani alimuambia?"

Nikakasirika. Nikamwambia kuna mambo mtoto anatakiwa kuyajua bila kuambiwa, labda kwenu Kongo watoto wanaambiwa kila kitu. Akapokea tu. Alimalizia mkate wake, akakunja mfuko, akasema, "Kaka yangu anasemaka Norwe mutu akisema hapana, ni hapana. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Mutoto wako alikomalia kule tangu mudogo. Wewe unamusemesha luga ya Bukoba."

Nikamwambia hanijui. Nikaondoka bila kuaga vizuri, na majivu yangu usoni.

12 Machi

Tangu Zéphyrin aseme vile sina amani. Haika ameteremsha sanduku langu kutoka juu ya kabati, kaliweka koridoni, kapangusa vumbi. Halafu niligundua kitu. Anaporudi kazini haliangalii. Analipita limemkalia njiani, kageuza uso kama abiria wangu.

19 Machi

Nimemwambia. Naandika haraka kabla sijaanza kuyapamba.

Alirudi asubuhi, amechoka, uso umemshuka. Nilikuwa nimeshapika chai. Nikasema, "Haika, kaa." Akakaa na koti lake.

"Sitaki kurudi Norwe."

"Baba, ndege ni Jumamosi."

"Najua."

"Nilikuuliza. Kwenye treni nilikuuliza una uhakika. Ukasema una uhakika."

"Ulitakiwa ukatae."

"Nikatae nini?"

"Ukatae nisiende. Kwetu mzee akisema anaondoka, mtoto anamzuia. Anaficha hata fimbo."

"Kwetu wapi, baba?" Hakupandisha sauti. "Mimi kwetu ni pale uliponifundisha kwamba mtu mzima akisema jambo unamwamini, humsumbui. Nimekuamini tangu Novemba. Nilikuwa najikaza nikuamini."

Akavua kiatu kimoja, akakishika.

"Nikwambie ukweli? Uliposema utarudi, nilifurahi."

Nimeandika neno lenyewe kama alivyolisema. Alisema nilifurahi.

"Usiku kucha nawageuza wazee wa watu kitandani. Nawalisha, nawapangusa, nawaambia leo ni siku gani. Nikiingia kwenye lifti ya hapa najua juu kuna mwingine, ameoga, amevaa, ananisubiri niongee. Na mimi maneno yameisha. Kwa hiyo nilifurahi. Halafu nikaona aibu, ndiyo maana nachukua shifti za watu, nisikutazame." Alikuwa analia sasa, lakini anaongea vilevile, sawasawa, kama anatoa taarifa. "Na bado sitaki uende. Yote mawili ni kweli, na sijui nifanye nini nayo."

Iliniuma. Sitasema haikuniuma. Kwa dakika kadhaa nilitaka kusimama, nivae koti, niende Gatwick kwa miguu nikalale hapo siku tatu, ajue. Nilikuwa namtafutia jibu la kumkata, na ninayajua majibu hayo, wakubwa wangu wote walikuwa nayo. Lakini nilimwangalia na kile kiatu chake mkononi, soli imelika upande mmoja. Huyu mtoto ndiye mtu wa kwanza kuniambia jambo la kweli tangu mama yake alale.

Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Baba. Ukirudi kule utaweza peke yako?"

Jibu langu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni, na kidole cha kunyoosha nacho.

"Hapana," nikasema. "Siwezi, mwanangu. Nilishindwa tangu mwanzo."

Akalaza kichwa mezani karibu na kikombe. Nikamwekea mkono kichwani, na aliuacha. Chai ilipoa.

20 Machi

Tumempigia Alkesh. Alisikiliza mpaka mwisho, akapumua kwenye simu. "Mzee, ungeniambia hivi Novemba." Njia hiyo haiombwi na mtu aliyeko hapa kama mgeni, ni lazima niondoke Jumamosi kama mgeni yeyote, tuombe nikiwa Bergen, na tusubiri. Miezi, labda mingi. Kukubaliwa haahidi. Alisema ataniuliza swali lilelile upya, tena kwa maandishi, na nimjibu kama nilivyomjibu mtoto.

Haika ameandika kwenye kalenda mwezi wa Mei: Bergen, kwa baba. Sikumwuliza kama ameomba likizo. Kisha nikamwuliza. Bado.

Nilimtafuta Zéphyrin nimtake radhi. Leo haikuwa zamu yake.

21 Machi

Napakia. Kesho Haika ana shifti ya asubuhi, tumekwisha kukubaliana nitakwenda uwanjani mwenyewe, treni ni moja tu ya kubadilisha. Nitafika Bergen jioni. Madirisha yatakuwa wazi na nyumba itakuwa baridi kama pango, na nitakaa humo nisubiri jibu la watu nisiowajua. Nina hofu. Naliandika neno hilo hapa kwanza ili nilizoee.

Jioni hii nilikuwa chumbani nakunja mashati, mlango uko wazi, nikamsikia Haika jikoni akipiga simu kazini. Alimwambia msimamizi wake kwa Kiingereza kwamba kesho hatakuja. Nadhani aliulizwa kuna nini, maana alinyamaza kidogo.

"Baba yangu anasafiri," alisema. "Hawezi peke yake. Ananihitaji."

Miaka ishirini na mitatu nimeendesha basi, kwenye barafu, kwenye ukungu, na watu wamejaa nyuma yangu. Gatwick nafika nimefumba macho. Nilifungua mdomo nimsahihishe, na yeye akageuka akanitazama kupitia mlangoni, simu ikiwa bado sikioni.

Nikaufunga mdomo. Nikachukua shati jingine, nikalikunja.